Oili Nzito Haitibu Injini, Wasomi Wenzangu

Ndugu msomaji, leo tuiache siasa kidogo. Najua wengi mnapita hapa kutafuta vituko vya waheshimiwa na visa vya chumba cha habari. Vitarudi wiki ijayo. Leo nataka kugombana. Nataka kugombana na mafundi, na madereva, na wauza magari, na mwisho kabisa, msishangae, na mimi mwenyewe pamoja na wewe mwenye digrii yako unayesoma haya.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani, Kashozi. Kwa wasiopajua, Kashozi iko kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Bukoba, mkoani Kagera, ardhi nyekundu, migomba na mibuni kila upande. Sikwenda kula senene. Nilikwenda kwa sababu gari la Mzee limekufa injini.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake kilifanya mambo mawili: kubadilisha bati za nyumba na kununua Probox ya mtumba kutoka Japani. Kijana wa jirani ndiye dereva. Asubuhi linashuka mjini na mikungu ya ndizi na watu, mchana linapanda na watu na mizigo ya dukani, na hivyo hivyo mpaka jioni. Hela hiyo ndiyo inayomsomesha mdogo wangu wa mwisho chuo cha uuguzi. Nasema "inayomsomesha" kwa mazoea tu. Muhula huu ada haijalipwa, na binti yupo nyumbani anamenya ndizi.

Sasa sikilizeni mazungumzo yangu na dereva, maana hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

"Kaka, lile gari lilikuwa halivujishi hata tone. Lilikuwa linakunywa tu oili."

"Linakunywa kiasi gani?"

"Kidogo. Kama nusu lita hivi."

"Nusu lita kwa wiki, au kwa siku tatu?"

Akaangalia chini. "Ilikuwa inategemea, kaka."

Nikaenda kwa fundi. Simtaji jina wala gereji yake, maana mwenzake yupo kila mtaa wa nchi hii. Nikamuuliza aliweka oili gani. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Bosi, injini zikizeeka zinataka oili nzito. Nilimwekea Mwalimu namba 40 ya kupima, ikatulia. Si unajua joto la Afrika si la Japani?"

Ikatulia! Ndiyo, ilitulia. Moshi wa bluu ulipungua, mlio ukapungua, Mzee akafurahi, dereva akaendelea kupakia. Miezi michache baadaye, gari likiwa limejaa linapanda kilima, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka na kuzima kwenye dashbodi. Dereva akaona awafikishe abiria kwanza. Aliwafikisha. Injini haikuwaka tena. Ilipofunguliwa, beringi za kreni zilikuwa zimesagika, na oili iliyobaki chini haikujaza hata chupa ya soda.

Nasema hivi: kinachoziua injini zetu si oili nzito peke yake. Kinachoziua ni kutumia oili nzito kama dawa ya kutuliza maumivu, halafu kutopima ugonjwa. Na tunaofadhili ujinga huu ni sisi tuliosoma.

Tuanze na hoja ya joto, kwa sababu ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Eti Afrika kuna joto, kwa hiyo tumimine oili nzito. Jamani, Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mchana wa kawaida pale joto ni kama nyuzi 26. Tokyo mwezi wa Agosti hupita 30 bila shida. Kwa mantiki ya fundi wetu, Wajapani ndio walipaswa kutumia oili nzito na watu wa Kashozi watumie nyepesi! Ukweli ni kwamba injini ikishapata moto, thamostati inayashikilia maji yake kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, uwe Bukoba, Dar es Salaam au Tokyo. Mwenye kuamua uzito wa oili ni yule aliyeiunda injini, aliyejua nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Uraia wa hewa ya nje una nafasi ndogo sana hapo.

Na zile namba kwenye kopo si urembo. Chukua 5W-30. Ile W inasimamia majira ya baridi kwa Kiingereza. Namba iliyo kabla yake inasema oili inatiririka vipi injini ikiwa ya baridi, na namba ndogo zaidi ni oili inayowahi kufika juu unapowasha asubuhi. Namba ya mwisho inasema ina uzito gani ikishafika nyuzi 100. Fikiria uji: ukiwa wa moto unanyweka, ukipoa unaganda. Oili yenye namba mbili imetengenezwa isigande sana asubuhi na isiwe maji matupu mchana. Ile "namba 40" ya kupima haina W. Hakuna aliyekuahidi chochote kuhusu asubuhi.

Kwenye injini za VVT-i kama ya ile Probox, oili hailainishi tu. Shinikizo la oili ndilo linalosogeza majira ya kufunguka kwa valvu, na ndilo linalokaza mnyororo unaozungusha kamshafti. Kwa hiyo oili isiyofaa inavuruga kazi ya injini yenyewe.

Sasa niwe mkweli, maana sitaki mafundi waje kunisuta. 20W-50 si sumu. Vitabu vya Toyota kwa ajili ya nchi nyingi zenye joto viliiruhusu pamoja na 15W-40, hasa kwa magari ya zamani. Na injini iliyochoka inaweza kupandishwa daraja moja la uzito na ikasukuma miaka kadhaa. Lakini hiyo ni hatua inayochukuliwa baada ya kupima. Daktari anaweza kukupa dawa kali, sikatai. Akikupa bila kukupima, huyo si daktari.

Hoja ya pili ambayo haizungumzwi kabisa ni herufi. Geuza kopo, tafuta neno API. Baada yake kuna herufi mbili. Ikianza na S ni ya petroli, ikianza na C ni ya dizeli, na makopo mengine yana zote mbili. Herufi ya pili inapanda na miaka. SF ilikusudiwa injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. SJ ni za 2001 kurudi nyuma, SL za 2004, SM za 2010, SN za 2020. SP ilianza 2020, na SQ ikafuata 2025. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ukiimiminia oili ya SF unaipa oili ya magari yaliyoitangulia kwa miaka 14. Hiyo oili haina uwezo wa kusafisha na kuzuia utando mweusi unaotakiwa na injini hiyo. Na ile ya kupima kutoka kwenye pipa haina herufi kabisa! Unanunua rangi na harufu. Hata alama ya TBS haisaidii kitu kama imebandikwa kwenye pipa ambalo hujui leo limejazwa nini.

Mnisamehe kwa swali hili: simu ya laki tatu unauliza ina kamera ya megapikseli ngapi na RAM ngapi. Oili ya gari la milioni kumi huulizi hata herufi mbili?

Hoja ya tatu ni rangi. "Oili imeshakuwa nyeusi, imekufa." Si lazima. Oili nzuri ina sabuni ndani yake, kazi yake ni kuosha masizi na kuyabeba, kwa hiyo inakuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi. Kwenye dizeli inaweza kuwa nyeusi ndani ya siku chache tu. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia kwenye oili na huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda. Vilevile ogopa oili inayonuka petroli, na ogopa vumbi la chuma linalometameta kwenye oili iliyomwagwa.

Sasa tufike kwenye muda wa kubadilisha. Toyota Japani inasema gari la kawaida la petroli lisilo na turbo libadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Wenzetu wakisoma hapo wanafurahi na kufunga kitabu. Endelea kusoma! Kwa gari linalofanya kazi ngumu ni nusu yake: kilomita 7,500 au miezi 6. Na kazi ngumu maana yake nini? Barabara mbovu, milima, safari fupi fupi zinazojirudia, na gari linalotembea kilomita nyingi kwa mwaka. Jamani, hiyo si Kashozi kwenda Bukoba mjini? Mwandishi wa kile kitabu hajawahi kufika kwetu, lakini kaieleza ruti ya Mzee vizuri kuliko mimi niliyezaliwa pale. Ongeza vumbi letu jekundu na oili ya kawaida isiyo sinthetiki, mimi nasema kilomita 5,000 na tusibishane.

Na hilo vumbi msilidharau. Udongo wetu una mchanga laini, na mchanga ni mgumu kuliko vyuma vingi vya injini. Filta ya hewa ya Mzee ilikuwa imepulizwa kwa upepo wa pampu mara nyingi mpaka karatasi yake ikapasuka pembeni. Niliitoa mwenyewe nikaiangalia juani, nikaona mwanga unapita. Injini ilikuwa inavuta msasa kila siku na sisi tunajadili uzito wa oili.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani, kampuni za reli zilianza miaka ya 1940 kuchukua kijichupa cha oili kutoka kwenye injini za treni na kukipeleka maabara. Wanapima chembe za metali. Chuma kikizidi, kuta za silinda zinalika. Alumini ikizidi, pistoni. Shaba na risasi, beringi. Silikoni ikizidi, vumbi linaingia. Leo duniani mitambo mikubwa ya migodi na meli inapimwa hivyo hivyo, na injini inafunguliwa kabla haijafa.

Najua utasema, "Kaka, Kashozi hakuna maabara." Sawa. Lakini kijiti cha kupimia oili kipo. Kimekuja na gari kutoka Japani, hakilipiwi ushuru wala hakihitaji umeme. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena. Unasoma kati ya alama mbili. Kwa magari mengi, kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni kama lita moja. Ukiongeza oili unaandika umeongeza kiasi gani na gari lina kilomita ngapi. Basi! Hiyo ndiyo maabara ya maskini, na inatosha kuokoa injini.

Tufanye hesabu ambayo hatukuifanya. Gari la Mzee lilikuwa linatembea kama kilomita 600 kwa wiki. Kama lilikuwa linakunywa nusu lita kwa wiki, hiyo ni zaidi kidogo ya lita 0.8 kwa kila kilomita 1,000. Vitabu vya Toyota vinaweka ukomo kwenye lita 1 kwa kilomita 1,000. Yaani tulikuwa mlangoni. Na kama ilikuwa nusu lita kila siku tatu, tulishauvuka ukomo zamani. Injini ile inabeba lita kama 3.7 tu. Wiki mbili za kusahau, na kipanda kimoja cha nguvu, pampu inavuta hewa badala ya oili. Hakuna uchawi hapo. Ni hesabu ya darasa la tano, na gari ni la mwalimu!

Moshi nao ulikuwa unaongea. Moshi wa bluu ukiwasha tu asubuhi, kisha ukapotea, mara nyingi ni mipira ya valvu, na hiyo ni kazi ndogo. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta kupanda, shuku ringi. Mweusi ni petroli nyingi mno. Mweupe mzito usioisha, shuku maji. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni angechomoa plagi nne, akapima silinda moja moja, akakuambia ipi imechoka. Hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa kufanyika siku ile moshi ulipoonekana. Badala yake tulimimina namba 40, moshi ukapungua, tukashukuru. Na wauza magari wa mitumba wanaujua mchezo huu vizuri sana. Siku unayokwenda kujaribu gari limejazwa oili nzito kama asali, injini kimya, wewe unatoa hela. Ndugu msomaji, kabla ya kununua gari lolote lililotumika hapa nchini, liwashe likiwa la baridi kabisa, chomoa kijiti, na muulize anayeuza ameweka oili gani. Akisita, rudi nyumbani.

"Hela hakuna," utasikia. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Kopo lililofungwa lenye herufi zinazofaa ni ghali kuliko ya kupima. Lakini hesabu yote ile oili ya kuongezea kila wiki, kisha weka juu yake injini ya mtumba, ambayo imetugharimu zaidi ya milioni moja kabla ya fundi wa kuifunga, na ada ya binti iliyosimama. Oili ya bei rahisi ilitugharimu muhula mzima wa masomo.

Sasa niwarudie wasomi, nikianza na mimi. Nilifungua simu yangu usiku ule Kashozi nikahesabu jumbe nilizomwandikia Mzee, "Nimekutumia ya oili." Zilikuwa 11. Hakuna hata mmoja niliouliza: oili gani? Mara ya mwisho ilibadilishwa lini? Imepungua kiasi gani? Mimi ambaye kazini namhoji mkurugenzi wa halmashauri mpaka anatoka jasho, nimeshindwa kumhoji baba yangu maswali matatu. Nilituma hela nikajiona mwana mwema. Wangapi kati yenu mko hivyo? Tunatuma za mbolea, za dawa, za oili, halafu tunabaki mjini kulalamika kwamba "mafundi wa bongo" hawana elimu. Elimu tunayo sisi. Tumeifanyia nini?

Fundi yule hajawahi kushika kitabu cha ile Probox. Kilikuja ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani, Mzee akakiweka kabatini. Leo simu yangu inatafsiri Kijapani kwa kukielekezea kamera tu. Ilinichukua dakika kumi kupata ukurasa wa oili. Dakika kumi! Miaka yote ile sikuwa nazo.

Na msiniambie kuandika si utamaduni wetu. Misheni ya Kashozi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, na moja ya taratibu za shirika lao ilikuwa kila kituo kuandika shajara ya matukio. Mzee mwenyewe anazo karatasi za kilo za kahawa yake miaka mingi nyuma, maana anajua asipoandika atapunjwa. Kadi ya kliniki ya mtoto tunaijaza uzito kila mwezi, na mstari ukishuka mama anaulizwa. Tunajua kuandika pale tunapoamini kuna cha kupoteza. Kwenye gari hatujaamini tu.

Tumefunga injini nyingine, kwa mkopo ambao nitaulipa mimi. Nayo ni ya mtumba, hatujui imelika kiasi gani, kwa hiyo ndiyo kwanza inahitaji kufuatiliwa. Nimemnunulia dereva daftari la kurasa 48 na kalamu, vinakaa kwenye droo ya dashbodi. Tarehe, kilomita, oili ilipo kwenye kijiti, kilichoongezwa, moshi. Kila Jumamosi Mzee analikagua. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, gari linazimwa hapo hapo, abiria warudishiwe nauli. Dereva alinung'unika, "Waitu Mwalimu, hata kama nimebakiza kona moja?" Mzee akamjibu, "Hata kama umebakiza nusu kona."

Jumamosi ya kwanza nilikuwa bado nipo. Dereva alikuwa ameruka siku mbili. Mzee akatoa kalamu nyekundu, ile ile ya enzi zake za ualimu, akaandika pembeni: "Jumatano na Alhamisi ziko wapi?"

Sasa wewe, kabla hujalala leo, mpigie huyo unayemtumia hela ya oili. Muulize maswali matatu niliyoshindwa kuuliza mimi. Na kesho asubuhi, kabla hujawasha la kwako, chomoa kijiti.

Mafundi mnaotaka kunijibu, karibuni sana uwanjani. Njooni na vipimo tu, habari za joto la Afrika tumeshamaliza.

Naomba kuwasilisha.